Bango Halisimamishi Mashine

Pita kwenye mashine za kusaga na kukoboa mjini Tabora, ingia kwenye karakana za mbao, kisha nenda hadi Nzega kwenye makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Ujumbe wa usalama ni ule ule: "Usalama kwanza", "Kuwa makini". Na mtu akipoteza kidole, maelezo nayo ni yale yale: alizembea.

Maelezo hayo tunayapinga hapa. Umakini ni kitu kizuri, lakini kumtaka binadamu awe makini kutwa nzima, kwenye vumbi na kelele, wiki nzima, huo si mfumo wa usalama. Ni bahati nasibu. Swali la kihandisi ni hili: siku atakapochoka au kusahau, mashine itafanya nini?

Hebu tuchukue tukio la kawaida kabisa. Umeme umekatika katikati ya kazi, mashine imenyamaza. Msagaji anaona huu ndio wasaa mzuri wa kuzibua chujio au kurudisha mkanda kwenye puli. Mkono uko ndani. Swichi ya ukutani ameiacha imewashwa, maana hakuizima yeye, umeme ndio uliozimika. Umeme ukirudi, mashine haiulizi kama kuna mtu. Inazunguka.

Sasa niambie, mzembe hapo ni nani? Huyu aliyetumia muda wa mapumziko kufanya matengenezo, au aliyefunga mota yenye nguvu kwenye swichi ya wenzo tu, akaweka bango pembeni?

Dawa ya tatizo hili ni ya siku nyingi na fundi yeyote wa umeme wa viwandani anaijua: kontakta yenye vitufe viwili. Ukibonyeza cha kijani, koili inapata umeme, inavuta kontakti, na moja ya kontakti hizo ndiyo inayoendelea kuilisha koili hiyo hiyo baada ya wewe kuachia kidole. Yaani inajishikilia yenyewe. Umeme ukikatika, koili inaachia. Ukirudi, haina tena cha kujishikilia nacho, kwa hiyo mota inabaki kimya hadi mtu abonyeze upya. Kiwango cha kimataifa cha umeme wa mashine, IEC 60204-1, kinataka hivyo: pale ambapo mashine kujiwasha kunaweza kuleta hatari, isijiwashe umeme unaporudi.

Lakini kontakta nayo ni chuma. Kontakti zake huungua kwa cheche, na siku nyingine zinanata. Unabonyeza chekundu, mashine inaendelea. Hapa ndipo rilei ya usalama inapoingia. Ndani yake kuna njia mbili badala ya moja, ili moja ikigoma nyingine ikate. Kontakti zake zimefungwa pamoja kimakanika: ya kuwasha ikinata, ile pacha yake ya kukagua haiwezi kujifunga. Kwa hiyo kabla ya kuruhusu mashine iwake tena, rilei inajikagua, na ikikuta tatizo inakataa. Hata kitufe cha dharura kimeungwa kwa mtindo wa kupitisha umeme muda wote. Panya akitafuna waya, matokeo ni sawa na mtu kukibonyeza: mashine inasimama.

Wazo hili lilianzia relini, si kiwandani. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alibuni saketi ya njia: umeme mdogo unapita kwenye reli na kuishikilia rilei, taa inaruhusu treni. Treni ikiingia kwenye kipande hicho, umeme unakatishwa, rilei inaangusha, taa inakuwa nyekundu. Reli ikivunjika, nyekundu. Betri ikiisha, nyekundu. Kila kasoro inaelekea upande wa kusimama.

Kwa Tabora hili lina uzito wake. Kabla ya reli ya kati kufika hapa mwaka 1912 ikifuata njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, uchumi wote ulikaa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi. Usalama wa msafara ulikuwa mwili wa mpagazi: aliyejikwaa, shauri yake. Leo tuna mota, lakini tunapomwambia msagaji "kuwa makini" tu, bado tunafikiri kimsafara.

Hata hivyo tusiifanye rilei kuwa hirizi. Haizuii mota iliyokwisha kukatiwa umeme kuendelea kuzunguka kwa kasi iliyobaki, na nyundo za mashine ya kusaga huchukua muda kutulia. Haifuniki mkanda, hiyo ni kazi ya kava la chuma. Kwenye mashine ya dizeli isiyo na saketi ya umeme haina pa kushika. Wala si kufuli: anayeingiza mkono ndani lazima azime meni swichi na kuifunga. Tena rilei nzuri huuawa kwa kipande cha waya, pale mtu anapoiruka saketi kwa sababu "inasumbua". Ikisumbua, mara nyingi inakuambia kitu.

Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na OSHA ya kuisimamia. Tunao pia mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Fidia ni haki, lakini inakuja baada ya kidole kwenda.

Kwa hiyo ukipeleka mahindi yako kusagwa, muulize mwenye mashine maswali matatu. Umeme ukirudi, itajiwasha yenyewe? Waya wa kitufe chekundu ukikatika, itasimama? Na mkanda una kava? Kama majibu ni ndiyo, hapana, hapana, basi usimwambie msagaji awe makini. Mwambie tajiri wake amwite fundi.