Nasaba ya Ulaini wa Nyama

Mfugaji wa Iramba au Mkalama ampandishapo ng'ombe wake wa asili kwa fahali wa Boran, aghalabu hutaraji ndama mwenye umbo na uzito. Amma ulaini wa nyama, hilo huwaachia wapishi. Walakini ulaini nao una nasaba yake, na namna alama yake ilivyopatikana yatuhusu sisi wa Singida, kwani ng'ombe wetu, wale weupe wa Singida na wale wa Mkalama wenye rangi ya kahawia hafifu, wote ni wa nundu, na ng'ombe wa nundu ndio waliowatatiza wataalamu.

Ndani ya mnofu mna kimeng'enya kiitwacho kalpeini, ambacho, mnyama akisha kuchinjwa na kalsiamu ikavuja ndani ya chembe, huanza kukatakata protini zinazoshikamanisha nyuzi. Na mna mpinzani wake, kalpastatini, ambaye kazi yake ni kukizuia. Ng'ombe wa nundu wamejaliwa mpinzani huyo kwa wingi. Watafiti wa Marekani waliichunguza jeni ya kalpeini, iliyo katika kromosomu ya 29, wakaona mahali pawili, 316 na 530, ambapo herufi moja ya jeni ikibadilika, ulaini nao hubadilika. Kwa ng'ombe wa Ulaya kipimo cha herufi hizo kilifaa. Kwa wa nundu herufi njema ya 316 ilikuwa adimu mno, hata hapakuwa na cha kuchagulia. Mwaka 2005 wakatangaza mahali pa tatu, 4751, panapofaa kwa wa nundu, kwa wa Ulaya na kwa machotara: C ni ya ulaini, T ya ugumu. Kadhi wa shauri la ulaini ni mashine, ambayo kisu chake chenye pengo la pembetatu hukata kipande cha nyama iliyopikwa, chenye kipenyo cha nusu inchi, na kuandika nguvu iliyohitajika.

Wasifiao vipimo hivi huruka jambo moja. Kalpeini hutaka muda, kwa kawaida wiki moja au mbili za baridi, ilhali kwetu ng'ombe huchinjwa alfajiri, asubuhi mnofu watundikwa buchani ungali na vuguvugu, na adhuhuri umo chunguni. Fauka ya hayo, maksai aliyelima miaka mingi ana kano zilizokomaa, ambazo kalpeini haiziwezi. Kununua fahali wa C kabla ya chumba cha baridi, kwa maoni yangu, ni israfu. Aliye nacho chumba, na mnunuzi wa kulipia ulaini, ndiye wa kupeleka maabara nywele za mkia pamoja na mizizi yake: fahali wa CC humpa kila ndama herufi hiyo, wa CT huwapa nusu yao tu.