Mgeni Asiyefika Siku ya Tatu: Mke Aliyefichwa katika Labels ya Evelyn Waugh

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii huchukuliwa mara nyingi kuwa ni kejeli kwa mgeni mzembe, lakini ndani yake mna hekima nyingine: kwamba kuujua mji huanza pale mgeni anapofungwa na wajibu kati ya wenyeji wake. Kabla ya hapo huwa ameonyeshwa tu, hajaona. Abiria wa meli ya matembezi ni mgeni ambaye wahenga hawakumtazamia. Hushuka ngazi asubuhi, akakuta motokaa zimepangwa gatini na kiongozi ameshika orodha ya mambo ya kutazamwa. Na kabla jua halijachwa, honi ya meli humwita arudi. Aweza kuzuru bandari ishirini asiifikie siku ya tatu ya bandari hata moja.

Wanaposafiri wawili, mume na mke, huzuka suala la pili ambalo wahakiki wa fasihi ya safari hawajalipa uzito unaostahiki. Wawili hushuka nchi kavu, hutazama pamoja, huchoka pamoja. Kisha mmoja hukaa kitako akaandika, na katika maandishi yake wawili wale huwa mtu mmoja. Je, yule mwengine kaenda wapi? Na kitabu hupungukiwa na nini anapoondoshwa? Kitabu kimoja cha mwaka 1930 kinalijibu suala hili kwa namna ambayo mwandishi wake hakuikusudia.

Evelyn Waugh, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, alimwoa Evelyn Gardner mwezi wa Juni 1928. Kwa kuwa majina yao yalilingana, marafiki waliwatofautisha kwa kuwaita Evelyn mume na Evelyn mke. Februari 1929 waliondoka Uingereza kwenda kula fungate iliyochelewa, wakapanda meli ya Kinorwei, Stella Polaris, kuzunguka Bahari ya Mediterania. Kwa mapatano yaliyofanywa na wakala wake, Waugh alisafirishwa bure, naye badala ya nauli aitangaze meli kwa kalamu yake. Mke aliugua tangu mwanzo wa safari. Ugonjwa ukazidi, ukawa homa ya mapafu, na meli ilipofika Port Said aliteremshwa akalazwa hospitali kwa majuma kadhaa. Alipopata nafuu walipumzika nje ya Cairo, karibu na mapiramidi, kisha wakaikuta tena Stella Polaris huko Malta na kuendelea na safari hadi Uingereza. Julai ya mwaka huo huo mke alimwarifu mumewe kwamba anampenda mtu mwengine. Kitabu cha safari, Labels, kilipotoka mwaka 1930, ndoa ilikuwa imekwisha kuvunjika.

Basi mwandishi alifanyaje? Alijigeuza kapera. Msimulizi wa Labels husafiri peke yake, na katika treni ya kwenda Monte Carlo anakutana na maharusi wawili, Geoffrey na Juliet. Juliet ndiye anayeugua, Juliet ndiye anayeteremshwa Port Said, na Geoffrey ndiye anayehangaika. Msimulizi hubaki kando, rafiki mwema mwenye kutazama misiba ya wengine. Wachapishaji wa Marekani waliukamilisha mzungu huo kwa kukiita kitabu A Bachelor Abroad, jina lenye kutangaza jaladani kwamba mwandishi hana mke. Hivyo mtu mmoja amegawanywa mara mbili: nusu inayoona ikapewa nafsi ya kwanza, na nusu inayouguza ikapewa jina la kubuni.

Jina la asili la kitabu nalo lina maana yake. Waugh anaeleza kuwa miji atakayoizungumzia imekwisha kubandikwa vibandiko vingi na wasafiri waliotangulia, na kwamba hamu yake ni kuitazama miji hiyo pamoja na vibandiko vyake. Ahadi hii anaitimiza kwa ustadi katika sura za matembezi. Mlima Etna, uliosifiwa na kila mtu, yeye anautazama kutoka baharini wakati wa machweo akatamka kuwa hajapata kuona kitu cha kuchukiza kama ule. Abiria wenzake anawachora kwa mistari michache: wanavyoteremka kwa makundi, wanavyohesabiwa, wanavyonunua, wanavyochoka. Kejeli yake ni kali na mara nyingi ni ya haki.

Kilele cha kejeli hiyo kimo katika matembezi ya Galilaya, baada ya meli kutia nanga Haifa. Huko Kana msichana mdogo anawauzia wageni mitungi ya mvinyo, na anawahakikishia kuwa ndiyo ile ile ya muujiza wa arusini. Kama ni mikubwa mno kuchukulika, ndani anayo midogo, nayo pia ni ile ile. Msomaji hucheka, na mwandishi amekusudia acheke. Lakini kicheko kikipoa, itaonekana kuwa msichana yule ndiye mhakiki mkali kuliko wote kitabuni. Amewapima wageni kwa kuwatazama mara moja: anajua wana saa chache, anajua wanataka kuondoka na ushahidi kwamba walifika, na anajua ushahidi wenyewe sharti uingie sandukuni. Wao wanaibandika Kana kibandiko, naye anawauzia gundi. Waugh ameyaandika hayo kwa sentensi chache tu, na hakuna ushahidi kwamba alijiona naye yumo katika hesabu ya msichana, ilhali mtu aliyelipiwa nauli kwa ahadi ya maneno mazuri naye ni muuza mitungi.

Iwapo kitabu kingelikuwa hivyo tangu mwanzo hadi mwisho, kingelibaki kuwa mkusanyiko wa dhihaka zenye kupendeza. Kinachokiokoa ni Port Said. Mji huu, kwa abiria wa zama zile, ulikuwa ni kituo cha saa chache mlangoni mwa Mfereji wa Suez. Hapana aliyeufikiria kuwa ni mahali pa kukaa. Waugh anakaa. Na kwa sababu anakaa, mwendo wa nathari yake unabadilika. Sentensi zinapunguza haraka. Waingereza waliohamia pale kwa kazi wanapata sura na tabia, klabu zao na desturi zao zinaelezwa, mitaa ya Waarabu inatembelewa zaidi ya mara moja, na mji unaanza kuwa na asubuhi na jioni badala ya kuwa na vivutio. Dhihaka haijatoweka, ila sasa inatoka kwa mtu ambaye kesho atawaona tena wale aliowadhihaki leo. Mgeni amefika siku ya tatu.

Nani aliyempa jembe? Jawabu halimo kitabuni, lakini limo katika maisha: ni yule mwanamke aliyelala hospitali. Kama mke hangeugua, Stella Polaris ingeliondoka na Waugh ndani yake, na Port Said ingelipata ukurasa mmoja na mzaha mmoja. Ugonjwa wa mwenzake ulimlazimisha kungoja, na kungoja kukampa mji. Sura iliyo bora kuliko zote ni zawadi ya mtu ambaye jina lake limeondolewa. Mwandishi ameipokea zawadi na kumficha aliyeitoa, na hapo ndipo kasoro kubwa ya Labels ilipo. Ni kasoro ya sanaa kabla haijawa ya uadilifu. Msomaji anaona kungoja, lakini hamwoni anayengojewa. Anaona mtu anazunguka mitaani jioni, lakini haoni alikotoka wala anakorudi. Hofu ya mume juu ya uhai wa mkewe, ambayo ndiyo iliyoyafanya macho yake yawe makali, ameazimwa Geoffrey, na Geoffrey hana nguvu za kuibeba.

Itasemwa, na itasemwa kwa haki, kwamba Waugh alikuwa na udhuru. Ndoa ilivunjika kwa aibu hadharani akiwa bado na kitabu mikononi. Angelikuwaje na moyo wa kuandika fungate yake? Msomaji wa visiwa hivi, zaidi ya mwengine, ataielewa hoja hiyo. Mwanamume muungwana wa pwani hamtaji mkewe barazani; husema “watu wa nyumbani wanakusalimu,” na kila aliyepo akafahamu. Sitara ni adabu, na fasihi isiyo na sitara huchosha.

Lakini sitara na kufuta si kitu kimoja. Anayesema “watu wa nyumbani” amelificha jina, hakulificha lililopo: nyumba ipo, mtu yumo ndani yake, na msemaji ni wake. Pazia lenyewe ni ushahidi kwamba nyuma yake pana mtu. Waugh hakutia pazia. Alimhamisha mke kwenye nyumba ya mwanamume mwengine wa kubuni, kisha akasimama mlangoni kama jirani. Angeliweza kuandika sentensi moja tu kwamba hakuwa peke yake na kwamba hilo halitazungumzwa, na sura nzima ya Port Said ingelipata uzito wake.

Mark Twain anasaidia kulipima jambo hili. Mwaka 1895, baada ya kampuni yake ya uchapishaji kufilisika, alianza safari ya kuizunguka dunia akitoa mihadhara ili alipe madeni. Mkewe Olivia na binti yao Clara walikwenda naye. Katika Following the Equator, kilichotoka 1897, wote wawili wanatajwa mwanzoni kuwa ni watu wawili wa familia walioamua kufuatana naye. Sentensi inayofuata inamwongeza msafiri wa tatu, jipu, nalo linafanyiwa mzaha mrefu kuliko wao. Meli ilipofika Honolulu, mji ambao Twain aliuacha mwaka 1866 na kuutamani tangu hapo, kulikuwa na kipindupindu. Abiria wakazuiwa kushuka, naye akabaki kuutazama mji kutoka baharini. Ni tembezi lisilofanyika, na ni miongoni mwa kurasa zenye huzuni ya kweli kitabuni. Olivia hatajwi hapo. Hata hivyo ni yeye aliyeupitia mswada wa kitabu hicho na kumshauri mumewe maneno ya kuondoa. Uso wake haumo, lakini mkono wake umo, na nafsi ya kwanza ya Twain haikatai kwamba imeoa.

Upande wa pili yupo Annie Brassey, aliyeizunguka dunia mwaka 1876 na 1877 pamoja na mumewe Thomas na watoto wao katika jahazi lao wenyewe, Sunbeam, na kuchapisha habari za safari hiyo mwaka 1878. Hapa mke ndiye anayeandika, na mume yumo: Tom amefanya hivi, Tom ameamua vile, wamepanda pamoja kutazama volkano ya Kilauea Desemba 1876. Kwa fani, kitabu chake hakifikii hata nusu ya Labels. Ni shajara ya mtu tajiri, na mambo makubwa na madogo yamepewa nafasi sawa. Lakini msomaji hapotezi kamwe kujua ni nani walioona na kwa nini walikaa au waliondoka. Uaminifu huo mdogo ndio uliompotea fundi mkubwa.

Waugh alipata kufika Unguja pia, mwishoni mwa 1930, safari hii akiwa peke yake kwa kweli, na habari zake zimo katika Remote People cha mwaka 1931. Alikaa zaidi ya siku tatu. Hata hivyo kinachobaki akilini mwa msomaji ni joto, na mtu anayehangaika kulikimbia. Kumbe siku peke yake hazitoshi; methali haikusema mgeni hesabiwe siku, ilisema apewe jembe. Unguja hakuwa na mtu wa kumngojea, na mji ukabaki kuwa hali ya hewa. Abiria wanaoshushwa leo Malindi, wakapitishwa vichochoro vya Mji Mkongwe, mashamba ya viungo na kobe wa Changuu kabla ya honi ya jioni, hawawezi kulaumiwa kwa kuona kidogo kuliko yeye.

Katika kurasa za mwisho za Labels, meli ikikaribia nyumbani, msimulizi amesimama sitahani usiku, peke yake. Anakunywa shampeni, anaitupa bilauri baharini, anaitazama ikichukuliwa na upepo hadi inapozama, na anakiri kwamba kitendo hicho kimekuja kuwa na maana kubwa kwake, asiyoweza kuieleza vizuri. Msomaji asiyejua habari za ndani huliona kuwa ni pambo zuri la kufungia kitabu. Anayejua hukumbuka kwamba usiku ule mwandishi alikuwa mume wa mtu, na kwamba mkewe, aliyepona homa ya mapafu, alikuwamo katika meli hiyo hiyo.