"Piga mswaki, okoa moyo": ujumbe nusu kweli

Likizo iliyopita nilikuwa Gulwe, Mpwapwa, ujumbe ukaingia kwenye grupu la ukoo: eti ukilala bila kupiga mswaki, bakteria wa mdomoni wanaingia kwenye damu na kukuletea shambulio la moyo. Bibi, anayesugua meno kwa kijiti tangu utotoni, akaniuliza, "Mjukuu wangu, kumbe mswaki ni dawa ya moyo?"

Jibu fupi: hatujui hivyo. Ni kweli fizi zikivimba, bakteria hupenya kwenye damu, hata wakati wa kutafuna. Kwa mwenye valvu mbovu za moyo, wanaweza kujishikiza hapo na kuleta maambukizi ya hatari. Ni kweli pia kwamba wenye ugonjwa wa fizi huugua moyo zaidi. Lakini kuandamana si kusababishana. Sigara, kwa mfano, huharibu fizi na moyo kwa pamoja. Mwaka 2012 Chama cha Moyo cha Marekani kilipitia tafiti kikasema uhusiano upo, ila haijathibitika kwamba kutibu fizi kunazuia shambulio la moyo.

Kinachoniudhi zaidi ni kilichoachwa: kisukari. Hapa ushahidi una nguvu, na njia ni mbili. Sukari ikibaki juu, fizi huugua kirahisi. Fizi zikikaa na uvimbe, insulini nayo hufanya kazi kwa shida. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2022 yalionyesha kuwa wagonjwa wa kisukari waliotibiwa fizi walishuka kipimo cha HbA1c, yaani wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, kwa takriban pointi 0.4 za asilimia. Si haba. Na matibabu yenyewe yalikuwa mtaalamu kuondoa ukoga uliojificha chini ya fizi, kazi ambayo mswaki peke yake hauiwezi.

Sasa, bibi ana kisukari. Fizi zake zinatoka damu. Kliniki anatobolewa kidole kila akienda, ila anasema hajawahi kuambiwa afungue mdomo.

Mimi ningeandika hivi: "Una kisukari na fizi zinatoka damu? Mwambie mhudumu, omba kuangaliwa kinywa." Hautishi, kwa hiyo huenda usisambae. Lakini bibi angejua la kufanya.