Anayelipa ni Babu

Filamu ya kutisha mimi huipima kesho yake asubuhi. Zile za kelele na damu huwa zimekwisha zamani. Ringu, aliyoiongoza Mjapani Hideo Nakata mwaka 1998 kwa fedha kidogo, kwangu haijaisha, na sababu si yule mzuka.

Kisa ni chepesi. Kuna kanda ya video. Aitazamaye hufa baada ya siku 7. Mwandishi wa habari, Reiko, anaitazama, kisha mwanawe mdogo naye anaitazama, tena nyumbani kwa babu yake. Mzuka ni Sadako, binti aliyetupwa kisimani. Anapokuja akijikokota hadi kutoka ndani ya televisheni, mwendo wake si wa binadamu: mchezaji alitembea kinyumenyume, kisha picha zikageuzwa aonekane anakuja mbele. Hila rahisi, nayo inatosha.

Kilichonishika mimi ni ile kanda. Tuliofundisha katika vyuo vya bweni tunamjua ndugu yake: barua isiyo na jina, ipitayo kitanda hadi kitanda, ikikuamuru uinakili na kuwapelekea wenzako, ama sivyo balaa likushukie. Nimewaona walimu watarajiwa, watu wazima na akili zao, wakiinakili usiku, huku wakijua fika kwamba wanayempelekea ni rafiki.

Reiko anagundua kuwa dawa ndiyo hiyo hiyo. Kuutoa mwili wa Sadako kisimani hakukusaidia kitu. Kilichomwokoa ni kuinakili kanda na kumwonyesha aliyekuwa mumewe, ambaye sasa amekufa. Amebaki mtoto. Basi anampigia simu baba yake mzazi, anashika njia kwa gari, na kanda anayo.

Wamarekani waliitengeneza upya mwaka 2002 kwa mamilioni mengi ya dola. Humo mtoto anauliza itakuwaje kwa huyo atakayeonyeshwa, na mama hajibu. Swali zuri, ila linamhusu mtu asiye na sura. Nakata alikwisha kutuonyesha sura: mzee ampendaye mjukuu wake.

Nina miaka sabini na kitu, na wajukuu ninao. Wazee wenzangu husema upesi kwamba wangeitazama kanda hiyo kwa hiari yao. Hata mimi ningeitazama. Lakini ningetaka kuulizwa kwanza, na filamu inakatika gari likiwa bado barabarani, mawingu meusi mbele, bila kutuambia kama mzee yule ataelezwa ni kanda gani.