Sindano Iliyochukua Nafasi ya Koleo

Kanda ya matibabu ya yule shume wa kijivu imekwisha kutazamwa na kila daktari wa mifugo mwenye kushughulika na paka, kwa hiyo sitaisimulia upya. Damu ilipimwa, dripu ikatundikwa, nusukaputi ikatolewa kwa hadhari, na kwa hayo mpasuaji anastahiki ahsante.

Lakini pale alipokwisha kukifumbua kinywa na kuusogeza ulimi kando, nasi sote tukaiona nyama nyekundu iliyofura pande zote mbili nyuma ya magego ya mwisho, mahali ambapo maradhi ya kawaida ya fizi aghalabu hayafiki na ambapo wekundu huo ni dalili dhahiri shahiri ya stomatitisi sugu, naye, badala ya kushika koleo, akakwangua ukoga, akachoma steroidi ya kudumu mwilini kwa majuma, kisha akaamuru mgonjwa azinduliwe, hapo alifanya taksiri ambayo siuoni udhuru wake.

Picha za eksirei alikuwa nazo mbele yake! Jino la kwanza nyuma ya chonge, taya ya chini, mzizi wake umeliwa nusu, ilhali yeye alilipitishia kikwangulio kana kwamba ni zima. Steroidi itatuliza uvimbe, shume atakula, mwenyewe atafurahi. Kisha wekundu utarejea, na sindano ya pili itafaa kwa muda mfupi kuliko ya kwanza, huku kisukari kikimnyemelea. Katika meno 30 ya paka, magego ni 14, na kuyang'oa yote pamoja na mizizi huwaletea nafuu kubwa au shifaa kamili kiasi cha thuluthi mbili ya wagonjwa wa namna hii, ingawa wengine hukawia miezi. Saiklosporini na dawa nyinginezo ni za wale waliobaki, baada ya koleo.

Nimekwisha kuyaandika haya hata wapo walionichoka, lakini mabwana mifugo wa zamani waliosomea Kabete, ambao kurunzi na vidole ndivyo vilivyokuwa eksirei yao, wasingemwita mdeko paka anayekimbilia bakuli, akanusa, akalia na kutoroka, denda likimtiririka na manyoya yamemshikamana kwa kuwa kujilamba kwenyewe ni adhabu. Wala wasingempa paracetamoli, kama alivyoshauri yule msaidizi mwishoni mwa kanda, kwani hata kipande cha kidonge chaweza kuiharibu damu ya paka isibebe hewa, akafa.

Hofu ya mwenyewe kwamba kibogoyo hatakula haina msingi: paka hatafuni sana, humeza, na akipewa chakula laini na buprenofini ya kumtuliza maumivu, mara nyingi hula upesi kuliko alipokuwa na meno yanayomtesa. Basi shume huyu hana budi kulazwa tena mezani, magego yatolewe, na picha za taya zipigwe baada ya kung'oa, tuone kama kuna kipande cha mzizi kilichosahauliwa.