Aprili moja, miaka 30: uhakiki wa hifadhidata nne kwa daftari la mvua la Kinole

Chukua kalamu uandike hivi: 03/04/24. Kwa sisi wa Tanzania hakuna mjadala, hiyo ni tarehe 3 mwezi wa nne. Mwonyeshe mtu aliyekulia Marekani, atakwambia ni Machi 4. Hao ni binadamu wawili, wataulizana na mwishowe wataelewana. Shida inaanza ukiipa kompyuta, maana mara nyingi kompyuta haikuulizi. Inachagua yenyewe na safari inaendelea.

Makala hii ni uhakiki. Nimezipanga hifadhidata nne ambazo mwanafunzi wa leo hawezi kuzikwepa: MySQL, PostgreSQL, SQL Server na SQLite. Sizipimi kwa kasi wala kwa bei. Nazipima kwa swali moja: ukiiletea daftari la mvua kutoka Kinole, italisoma kama mwenyewe alivyoliandika? Na ikishindwa, itasema imeshindwa?

Kwa nini Kinole

Kinole iko upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, upande unaopokea pepo za kutoka Bahari ya Hindi. Ndiyo maana kuna mvua nyingi, na ndiyo maana kuna ndizi, nanasi, karafuu, pilipili manga na mdalasini. Ni huko huko kwenye makao ya Kingalu, mtawala wa jadi wa Waluguru, ambaye jina lake tangu zamani limefungamana na mvua. Maji ya milima hii huingia mto Ruvu, na mto Ruvu ndio unaonywesha Dar es Salaam. Kwa hiyo ukikosea mvua ya Uluguru, hujakosea jambo la kijiji kimoja tu.

Sasa tuseme, kwa mfano, kuna mwalimu pale Kinole mwenye kipimo cha mvua. Kila siku saa tatu asubuhi anasoma milimita na kuandika kwenye daftari: 01/04/24, 02/04/24, 03/04/24, mpaka mwezi unaisha. Kazi yake ni safi kabisa. Anaandika siku, mwezi, mwaka, kama tulivyofundishwa sote. Daftari linafika mjini, mwanafunzi analichapa kwenye kompyuta, kisha analiingiza kwenye jedwali. Hapo ndipo tunapoanza.

MySQL: mkarimu kupita kiasi

MySQL ina desturi moja: tarehe kwake huanza na mwaka. Na kwa miaka mingi imekubali karibu alama yoyote itenganishe tarakimu, hata mkwaju. Kwa hiyo ukiiingizia '03/04/24' kwenye safuwima ya aina ya DATE, inasoma mwaka 03, mwezi 04, siku 24. Yaani tarehe 24 Aprili 2003!

Usicheke bado. Endelea na daftari. '01/04/24' inakuwa 24 Aprili 2001. '15/04/24' inakuwa 24 Aprili 2015. '30/04/24' inakuwa 24 Aprili 2030, mwaka ambao hata haujafika. Mvua ya mwezi mmoja imetawanywa kwenye miaka 30, kila mwaka siku moja, na yote ni tarehe halali. Matoleo mapya hutoa onyo kuhusu mikwaju, lakini onyo si kukataa. Data inaingia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba miaka 30 ndicho kipindi ambacho Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia kukokotoa wastani wa hali ya hewa ya mahali. Mtu asiyejua historia ya jedwali hilo anaweza kuliona kama hazina ya miongo mitatu, akalichorea grafu, akaandika na hitimisho.

Njia sahihi ipo, na ni nzuri: STR_TO_DATE('03/04/24', '%d/%m/%y'). Hapo umeiambia wazi siku iko wapi, mwezi uko wapi, mwaka uko wapi. Angalia tu herufi: %m ni mwezi kwa tarakimu, %M ni jina la mwezi, na dakika ni %i. Wengi wamejikwaa hapo.

PostgreSQL: mkali, lakini ana upofu wake

PostgreSQL ina mpangilio unaoitwa DateStyle, na ule wa asili ni "ISO, MDY". Hizo herufi tatu za mwisho maana yake ni mwezi kwanza, kisha siku, kisha mwaka. Usipougusa, '03/04/24' inakuwa Machi 4. Mvua ya Aprili imerudishwa nyuma siku 30.

Lakini ikifika '13/04/24' inagoma. Hakuna mwezi wa 13, basi inatoa kosa, na hata inakudokeza kwamba pengine DateStyle yako si sahihi. Ukiwa unaingiza faili zima kwa COPY, hakuna hata safumlalo moja itakayobaki. Mimi hilo nalisifu. Kosa linalopiga kelele ni rafiki yako.

Upofu wake uko kwenye siku 12 za mwanzo wa kila mwezi. Hebu tupige hesabu: miezi 12 mara siku 12 ni siku 144. Toa 12 ambazo siku na mwezi ni namba moja, kama 05/05, maana hizo hata ukizigeuza hazibadiliki. Zinabaki siku 132. Zaidi ya theluthi moja ya mwaka inaweza kugeuzwa bila mtu yeyote kuona chochote. Na yule anayejiona mjanja, akaruka safumlalo zinazoleta kosa ili "kazi iende", amebaki na zile 144 tu, na 132 kati yake ni uongo.

Dawa ni to_date('03/04/24', 'DD/MM/YY'). Tangu toleo la 10, fanksheni hii inakataa hata tarehe isiyokuwepo kama 31 Februari. Kwa mizani yangu, hii ndiyo bora ya kundi.

SQL Server: jibu linategemea nani ameingia

Hapa maana ya '03/04/24' inafuata lugha ya akaunti iliyoingia. Akaunti yenye Kiingereza cha Marekani inapata Machi 4. Yenye Kiingereza cha Uingereza inapata Aprili 3. Kwiri ile ile, yaani swali lile lile kwa hifadhidata ile ile, majibu mawili. Wewe na mwenzako mnaweza kubishana hadi jioni na wote mkawa wakweli.

Kuna ajabu nyingine. Wengi tumefundishwa kwamba 2024-04-03 ni salama popote. Kwenye aina ya zamani inayoitwa datetime, akaunti ikiwa kwenye mpangilio wa siku-mwezi-mwaka, hata hiyo inasomwa Machi 4. Kwenye aina mpya, date na datetime2, inasomwa sawasawa. Isiyoyumba popote ni 20240403, bila vistari.

Kubadili kwa uwazi unatumia CONVERT(date, '03/04/24', 3). Hiyo 3 ndiyo siku/mwezi/mwaka wa tarakimu mbili. Ukiwa na mwaka wa tarakimu nne unaweka 103. Hapa nalalamika. Namba 103 haimwambii msomaji kitu chochote. Ni lazima ukariri, na anayekuja baada yako naye akariri.

SQLite: inapokea tu

SQLite, ambayo imo ndani ya simu nyingi, haina kabisa aina ya tarehe. Ukiipa '03/04/24' inaitunza kama maandishi. Ukiiuliza date('03/04/24') inakujibu NULL, yaani sina jibu. Angalau haidanganyi. Tatizo linakuja ukipanga: maandishi hupangwa kuanzia herufi ya kwanza, kwa hiyo '31/03/24' ni "kubwa" kuliko '30/04/24'. Uliza kipimo cha mwisho kabisa kwa MAX, utajibiwa cha Machi wakati Aprili nzima imeshaandikwa. Na haina fanksheni ya kuiambia muundo wa maandishi yako. Unakata vipande kwa substr na kuviunga upya, mwaka mbele.

Mwaka mbele si ugeni kwetu. Tazama namba yako ya NIDA: tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Ukizipanga kama maandishi, wakubwa wanatangulia na wadogo wanafuata, bila kubadili chochote.

Saa tatu ni saa ngapi?

Tuirudie ile saa tatu asubuhi ya mwalimu wetu. Akiandika "saa 3" na mtu akachapa 03:00, kipimo kimehamia usiku wa manane, saa sita kabla ya wakati wake. Saa tatu asubuhi ni 09:00. Saa nane usiku ni 02:00, na hapo tarehe imeshabadilika. Kiswahili chenyewe kiko makini: tunasema mvua ilinyesha "usiku wa kuamkia Alhamisi", na kila mtu anaelewa ni usiku upi. Hifadhidata haina neno hilo.

Tena kama mashine inatunza muda kwa saa za dunia, yaani UTC, sisi tuko mbele saa 3. Mvua ya saa nane usiku tarehe 4 Aprili itahesabiwa tarehe 3, saa 23:00. Kwenye PostgreSQL, safuwima ikiwa ya aina ya timestamptz, andika AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam' kwanza, ndipo uchukue tarehe. Ukitanguliza tarehe, umechelewa.

Hukumu

Hakuna hata moja kati ya nne iliyolisoma daftari la Kinole sawasawa kwa mpangilio wake wa asili. Lakini makosa yao hayafanani uzito. PostgreSQL inakataa mara nyingi, SQLite inakiri haijui, SQL Server inategemea mgeni, na MySQL inakubali kila kitu. Kwa kazi ya sayansi, ukarimu wa namna hiyo ni hatari kuliko ukali.

Na tusiseme kosa ni la mwalimu. Yeye aliandika tarehe yake kwa desturi ya nchi yake. Kosa ni la mpokeaji, yule aliyechapa bila kutaja muundo. Kazi yake ni hii: badilisha tarehe mara moja tu, mlangoni, kwa kutaja muundo waziwazi, itunze kama tarehe, si maandishi, na muundo wa kupendeza uuache mpaka wakati wa kumwonyesha mtu. Ndani ya WHERE usiweke DATE_FORMAT(tarehe, '%m/%Y') = '04/2024', maana faharasa ya kawaida ya safuwima hiyo haitatumika na kila safumlalo italazimika kufunguliwa. Andika tarehe >= '2024-04-01' AND tarehe < '2024-05-01', inatosha.

Kabla hujalala leo, fungua jedwali lako moja na uhesabu una vipimo vingapi kwa kila siku ya mwezi, kuanzia tarehe 1 hadi 31. Vikirundikana kwenye 1 hadi 12, au vyote vikiwa tarehe 24, rudi kwenye daftari la mwalimu. Jibu sahihi bado liko kule, kwa mwandiko wake.