Sauti Iko Upande wa Pili

Musoma, Bunda, hata Butiama alikozikwa Mwalimu Nyerere, bado kuna nyumba zenye deki juu ya kabati na rundo la sidii pembeni: kwaya, hotuba za Mwalimu, filamu za Kanumba, harusi ya binti wa kwanza. Filamu utaipata tena kwenye simu. Harusi huipati, aliyeirekodi ni kijana wa studio ya mtaani, na nakala hakubakiza. Kwa ajili ya sidii ya namna hiyo nausifu ufundi wa kuondoa mikwaruzo, na namsifu mjomba wangu wa Bunda, ambaye majirani humletea zao zimeviringishwa kwenye kanga.

Kwanza huuliza kama lenzi ya deki imefutwa, maana vumbi la kiangazi limezisingizia sidii nyingi. Kisha husogea mlangoni penye mwanga na kuitazama pande zote mbili. Wengi huuogopea upande unaong'aa, kumbe dhaifu ni ule wenye maandishi. Unene wa sidii ni milimeta 1.2, na karibu wote ni plastiki angavu. Utando unaobeba sauti na picha umekaa juu kabisa, chini ya vanishi na rangi tu. Akiona mwanga unapenya hapo, hamdanganyi mtu: "Hii, mama, sauti yenyewe imebanduka." Mkwaruzo wa upande wa chini haujagusa sauti. Umeziba tu dirisha ambalo leza huchungulia.

Huiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, akaikausha kwa fulana kuukuu ya pamba. Halafu dawa ya meno, ile nyeupe ya kawaida, si ya jeli, kwa kuwa chembe zake laini ndizo zinazosawazisha kingo za mkwaruzo. Kidole hutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari mnyoofu, kikainuka, kikarudi katikati. Hakizunguki kamwe. Mkono wenyewe hupenda kuzunguka, na kuukataza ndiyo kazi yote.

Sababu yake naipenda mno. Njia ya sauti ni moja, huanzia ndani na kujizungusha hadi nje. Ikinyooshwa ingefika karibu kilometa 5. Mkwaruzo unaoikata njia hiyo huficha kipande kidogo tu katika kila mzunguko, na deki hukijaza kwa hesabu zilizotokana na kazi ambayo Irving Reed na Gustave Solomon waliichapisha mwaka 1960. Hesabu hizo huvumilia pengo la takriban milimeta 2.5. Mkwaruzo unaoifuata njia hupita kipimo hicho upesi, ndipo bibi harusi anapoganda mlangoni mwa kanisa. Kwa hiyo hata alama ndogo ambazo kusugua kwenyewe huacha, mjomba huzilaza upande ambao deki inaweza kuzimudu. Hakusoma hesabu hizo popote. Alifikia hapo kwa kusugua, kusikiliza, na kusugua tena.

Wapo wanaotaka ing'ae kama mpya. Hawakubalii: kila kusugua hula plastiki kidogo. Ikishapita bila kuganda huiacha hapohapo, huinakili kwenye flashi siku hiyohiyo, ndipo humpigia simu mwenyewe.